Kilo Zimekaa Wapi? Jinsi ya Kulinganisha Uzito na Uundaji wa Magari ya Spoti

Kazi yangu ni bodi. Nimenyoosha, nimelehemu na kupaka rangi magari ya kila namna, na siku hizi watu huniita zaidi nikague gari la spoti kabla hawajatoa pesa. Kuna maswali mawili ambayo hayakosekani. La kwanza: "Hili jepesi hivi, si limeundwa kihafifu?" La pili ni kinyume chake: "Hili zito, bila shaka ndilo imara?"

Majibu yote mawili ni hapana. Gari linaweza kuwa jepesi na imara, jepesi na hafifu, zito na imara, au zito na bovu. Cha kujua ni kilo zake zimekaa wapi, na hapo zilipokaa zinafanya kazi gani. Ukishika swali hilo, uzito na ubora wa uundaji unaweza kuvikagua pamoja, kuanzia kwenye karatasi mpaka chini ya gari.

Hakikisha unalinganisha namba za aina moja

Uzito unaotangazwa haupimwi kwa njia moja. Kuna uzito mkavu, yaani gari bila petroli, bila oili, bila maji ya rejeta, na mara nyingi likiwa limefungwa kila kifaa chepesi kinachouzwa kwa nyongeza. Kuna uzito wa DIN, kipimo cha viwango vya Ujerumani: vimiminika vyote vimo, tangi limejazwa asilimia 90, dereva hayumo. Halafu kuna kipimo cha Umoja wa Ulaya, kinachoongeza kilo 75 za dereva na mzigo wake mdogo.

Porsche huandika DIN na cha Ulaya kwa pamoja, kwa hiyo ni mfano mzuri. 718 Cayman ya kawaida ni kilo 1,335 kwa DIN na 1,410 kwa kipimo cha Ulaya, na gari ni lile lile. Ferrari 458 Italia ilitangazwa kuwa na kilo 1,380 ikiwa kavu na 1,485 ikiwa tayari kwa barabara. Mtu akichukua namba kavu ya gari moja akaiweka mbele ya namba ya Ulaya ya gari lingine, ameshalipendelea lile la kwanza kwa zaidi ya kilo 100 kabla hajagusa chochote.

Soko nalo hubadilisha gari. Alfa Romeo 4C ilisifiwa sana kwa kilo 895, lakini huo ulikuwa uzito mkavu wa gari la Ulaya. Ile iliyouzwa Marekani, iliyoongezewa vyuma vya kukidhi sheria za usalama za huko, ilipita kilo 1,100 ikiwa na vimiminika vyake. Kwa hiyo ukiona namba ya kuvutia, uliza imepimwaje na ni ya gari la soko gani.

Mimi hugeuza kila kitu kuwa DIN. Nikipewa kipimo cha Ulaya natoa 75. Nikipewa uzito mkavu naongeza petroli, ambayo ni takriban kilo 0.75 kwa lita (tangi la lita 60 likijaa lina kilo 45), kisha naongeza kilo 20 hadi 40 za oili, maji ya rejeta, mafuta ya gia na ya breki, kutegemea ukubwa wa injini. Si hesabu ya maabara, ila inatosha kukuepusha na ulinganisho wa uongo. Halafu angalia vifaa vya nyongeza vya gari lenyewe unalolitaka. Viti vya umeme, paa la kioo, spika nyingi na rimu kubwa vinaweza kuyatenga mbali magari mawili yenye jina moja na mwaka mmoja.

Lipandishe kwenye mizani

Kama unaweza kupata mizani ya magurudumu manne, ile ya vibao vinne vinavyowekwa kimoja chini ya kila tairi, itumie. Sakafu iwe sawa kabisa. Upepo wa tairi uwe ule ulioandikwa na kiwanda. Kiwango cha petroli kiandike. Weka dereva, au mzigo wa uzito wake, kwenye kiti. Lisukume gari mbele na nyuma kidogo ili springi zitulie, ndipo usome.

Utapata namba nne. Jumla yake, ukitoa dereva, ndiyo uzito halisi, lakini uhondo uko kwenye mgawanyo. Mazda MX-5 iko karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Porsche 911 hubeba zaidi ya asilimia 60 nyuma, kwa sababu injini imekaa nyuma ya ekseli. Hakuna aliye sahihi kuliko mwenzake, ila lazima gari lifanane na lilivyoundwa.

Kisha jumlisha kona mbili zinazotazamana kwa mshazari: mbele kushoto na nyuma kulia. Kwenye gari lisilo na kasoro, jumla hiyo inatakiwa iwe karibu nusu ya uzito wote. Ikipotoka kwa asilimia kadhaa, kuna jambo. Huenda springi imechoka upande mmoja, huenda mtu alicheza na shokamzoba za kurekebishika bila kupima, na huenda chasisi imepinda. Mara nyingi mizani imenionyesha ajali ambayo rangi mpya ilikuwa imeificha vizuri. Ndiyo maana sikubali kutenganisha uzito na uundaji.

Wepesi wa kubuni na wepesi wa kuondoa

Gari huwa jepesi kwa njia mbili. Ama mbunifu alifikiria kila kipande tangu mwanzo, ama gari la kawaida lilivuliwa vitu. Njia zote ni halali, lakini hukaguliwa tofauti.

Chukua Alpine A110 iliyozinduliwa 2017, gari la takriban kilo 1,100. Bodi na chasisi ni za alumini, zimeunganishwa kwa gundi, ribiti na kulehemu. Viti vyake vya Sabelt vina kilo 13.1 kila kimoja. Kwenye breki za nyuma, mota ya hendibreki imeingizwa ndani ya kalipa kuu (kifaa kinachobana diski) badala ya kuwekewa kalipa ya pili, na hapo ziliokolewa kilo 2.5. Mtu anaweza kuziona ni kidogo. Mimi napoziona kilo mbili na nusu zimetolewa kwenye kipande ambacho mnunuzi hatakitazama kamwe, najua waliounda gari hilo walikaa wakafikiri.

Upande wa pili kuna BMW M3 CSL ya 2003. Ilizaliwa kutokana na M3 ya kawaida ya kizazi cha E46 na ikapungua kilo 110, kutoka 1,495 hadi 1,385. Paa likawa la nyuzi za kaboni, kioo cha nyuma kikafanywa chembamba, vitu vya kuzuia kelele vikapunguzwa, na sakafu ya buti ikatengenezwa kwa kadibodi yenye matundu kama sega la nyuki. Watu hucheka wakisikia kadibodi. Ibonyeze kwa kiganja: inabeba mzigo wake bila kubonyea, kwa kuwa nguvu yake inatokana na umbo. Unapokagua gari la namna hii usilaumu unene. Kagua kama kipande bado kinafanya kazi kiliyopewa. Na paa lile la kaboni, ingawa liliokoa kilo chache tu, liliziokoa juu kabisa, mahali ambapo kila kilo huchangia gari kulalia upande kwenye kona.

Hapo ndipo penye kiini. Kilo moja haina thamani sawa kila mahali. Iliyo juu ni mbaya kuliko iliyo chini. Iliyo mwishoni mwa gari, mbele ya ekseli ya mbele au nyuma ya ekseli ya nyuma, hulifanya gari lichelewe kugeuka na likishageuka lichelewe kutulia. Mbaya kuliko zote ni ile iliyo kwenye gurudumu lenyewe (rimu, tairi, diski, kalipa), kwa sababu springi haiibebi, na shokamzoba inapaswa kupambana nayo kwenye kila shimo. Ndiyo maana diski za seramiki, ambazo huwa na karibu nusu ya uzito wa diski za chuma za ukubwa ule ule, zina faida hata kwa asiyeenda kasi ya mashindano.

Magari ya umeme yanafuata kanuni ile ile. Porsche Taycan Turbo S ilitoka na kilo 2,295, na betri peke yake ni takriban 630. Ni mzigo mkubwa mno, lakini umelala sakafuni katikati ya ekseli mbili, ndiyo maana linashika kona kuliko unavyotarajia kwa uzito huo. Tairi na breki, hata hivyo, haziokolewi na mahali betri ilipolala. Lazima zisimamishe kilo zote.

Usidanganywe na mlango

Watu wengi wakifika kwenye gari hufunga mlango, wakasikia mshindo mzito, wakaridhika. Mshindo huo huandaliwa kiwandani: raba, komeo na vibandiko vya kuzuia mtetemo ndani ya bati la mlango. Unakueleza habari za mlango tu. M3 ya E46 ile ile ina mlango unaofunga kwa utulivu na dashibodi iliyobana vizuri, lakini ugonjwa wake unaojulikana uko chini: bati la sakafu ya nyuma, pale sabfremu (fremu ndogo inayobeba mfumo wa magurudumu ya nyuma) inaposhikwa, hupasuka na vituo vya kulehemu hufunguka kwa kuvutwa na nguvu za injini kila klachi inapoachiwa. Anayetazama ndani tu hataona. Toa zulia la buti, washa tochi, kisha uende chini ukatazame kila mshiko kwa ukaribu. Ufa mwanzoni huwa mwembamba kama unywele, na mara nyingi hujionyesha kwanza kwa mstari wa kutu au rangi iliyobanduka kuzunguka bolti.

Kipimo cha jeki

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakihitaji mashine ya gharama.

Egesha gari pasipo mteremko, funga hendibreki, zuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi. Milango ikiwa imefungwa, pima nafasi kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na bodi kwa vibao vyembamba vya kupimia. Pima juu, pima chini, andika. Fanya hivyo pia kwenye kona za boneti. Sasa weka jeki mahali palipotengwa na kiwanda, upande mmoja mbele, uinue mpaka gurudumu liachane na ardhi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Na kwa gari la alumini au kaboni, usibahatishe sehemu ya kuwekea jeki, kwani ukingo wa chini hubonyea au kupasuka na huo si uharibifu wa kunyoosha kwa nyundo.

Fungua mlango wa upande ulioinuliwa, polepole. Ufunge kwa vidole viwili. Kwenye gari gumu, komeo litaingia vilevile kama lilivyoingia magurudumu yote yakiwa chini, na vipimo vyako havitabadilika kwa kiasi unachoweza kukiona. Kwenye gari lililolegea, utahisi komeo linagusa chini au juu ya mshiko wake, ukingo wa mlango unakaribia bodi, na pengine utasikia kioo cha mbele kikilia kwenye raba yake.

Linganisha aina kwa aina. Gari lisilo na paa ni kama sanduku lililokatwa kifuniko: lazima lijipinde zaidi, na kiwanda hulazimika kuongeza vyuma chini kufidia. 911 Carrera ya kizazi cha 992 ni kilo 1,505 ikiwa na paa na 1,575 ikiwa ya turubai. Kilo 70 hizo si uzembe wa mtu. Sehemu ni mitambo ya paa, sehemu ni viimarisho. Kwa hiyo usilipeleke gari la wazi mbele ya lenye paa ukaliita hafifu. Lipime na la wazi mwenzake.

Ugumu huo viwanda huutaja kwa nyutoni-mita kwa digrii, yaani nguvu inayotakiwa kuisokota chasisi digrii moja. Namba ikiwa kubwa ni bora. Nazo chasisi ngumu kabisa mara nyingi ndizo nyepesi. Lotus Elise ya 1996, gari la kilo 725 hivi, lilijengwa juu ya chasisi ya alumini iliyoungwa kwa gundi yenye uzito wa takriban kilo 68. Beseni la kaboni la McLaren MP4-12C, ambalo ndilo moyo wa chasisi yake, ni kilo 75. Ukiingia kwenye Elise lazima uuvuke ukingo mpana na mrefu kabla hujakaa. Ukingo huo unaokusumbua goti ndio uti wa mgongo wa gari.

Bodi na rangi

Nafasi kati ya vipande vya bodi watu huzipima kwa udogo. Mimi hutazama zaidi kama zinalingana. Nafasi ya milimita nne inayoanza na kuisha na milimita nne inaeleza kazi nzuri kuliko inayoanza na tatu ikaishia na tano. Linganisha kushoto na kulia, kisha pitisha ukucha kwenye maungio uone kama kipande kimoja kimesimama juu ya mwenzake.

Kwa rangi, tumia kipima unene. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya mikroni 80 na 180. Ukikuta mlango mmoja uko 120 na wa jirani 300, umepakwa upya. Ukikuta zaidi ya 1,000, kuna pati ya kujazia mabonyeo chini yake. Hakikisha kipima chako kinasoma alumini pia, maana cha chuma peke yake hakitakusaidia. Sumaku nayo haitoshi: ngozi yote ya nje ya 911 ya 992 ni ya alumini isipokuwa bampa, kwa hiyo sumaku kutoshika si dalili ya udanganyifu. Juu ya kaboni na plastiki, kipima cha kawaida hakisomi kabisa. Hapo gonga kwa sarafu, polepole, ukisogea sentimita chache. Kaboni nzima hutoa mlio mkali na mfupi, na ile iliyoachana tabaka kwa ndani hutoa mlio butu.

Tazama bolti za bawaba za milango na boneti. Kichwa cha bolti kilichokwaruzwa na spana kinaeleza kwamba kipande kilishatolewa. Tazama pia mahali chuma na alumini vinapokutana; kama utando wa kutenganisha umeondoka, utaona unga mweupe, na hapo alumini inaliwa.

Chini, ndani, na barabarani

Chini ya gari ndiko ninakokaa muda mrefu. Mabomba ya breki yamepitaje? Yameshikwa kila hatua fupi, au yananing'inia? Nyaya zimevishwa na kupigwa klipu mbali na bomba la moshi? Bolti za sabfremu zina alama ya rangi ya aliyezikaza kiwandani? Gari lililoundwa kwa uangalifu huonyesha nidhamu mahali ambapo hakuna mteja anayetazama.

Ndani pita haraka. Bonyeza dashibodi na pembeni mwa kiti kwa kidole gumba. Kipande chembamba kinachorudi mahali pake bila kelele kimeundwa chembamba kwa makusudi. Kinachocheza kwenye skrubu zake kimefungwa vibaya. 911 GT3 ya 992 ina vioo vyembamba na haina viti vya nyuma, na ina kilo 1,418. Kelele ya mawe madogo utakayoisikia ndani yake ni bei ya wepesi, haina uhusiano na uzembe. Mlio wa plastiki kusuguana ni habari nyingine.

Barabarani, zima redio, funga vioo, upite kwenye barabara yenye mabaka kwa kilomita 30 hadi 40 kwa saa. Kisha panda ukingo mdogo kwa mshazari, gurudumu moja kwanza. Usiangalie barabara tu; tupia jicho kioo cha kati na fremu ya kioo cha mbele. Picha kwenye kioo cha kati ikitetemeka baada ya springi kutulia, bodi inajisokota.

Kuyaweka mawili mezani

Ukimaliza, andika kwa kila gari: uzito wa DIN, mgawanyo wa mbele na nyuma, kilo zilizo juu, kilo zilizo kwenye magurudumu, matokeo ya jeki, hali ya mishiko ya sabfremu. Usiweke alama za jumla, kwa sababu ufa kwenye sakafu hauwezi kufidiwa na dashibodi nzuri.

Mfano, A110 na 718 Cayman zimepishana zaidi ya kilo 200. Sehemu ya tofauti hiyo Cayman inakurudishia: buti mbili zenye nafasi nzuri, kisanduku cha dashibodi ambacho A110 haina, na ukimya zaidi kwenye safari ndefu. Kama hivyo utavitumia kila siku, kilo zake zina kazi. Kama gari ni la barabara za milimani Jumapili asubuhi, utazibeba bure kila kona.

Yakilingana kwa yote, mimi huchagua lenye rimu na tairi ndogo zaidi. Litapita vizuri penye mashimo, rimu zake hazitapasuka kirahisi, na siku ya kubadilisha tairi utalipa pungufu.